Pacifique Bulakali, Fundi Aliyetuomba Tukae

Mlio mmoja wa simu, mfupi, ulisikika usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, juu ya kabati dogo kando ya kitanda cha mjomba wangu, katika nyumba ya kuhudumia wagonjwa mahututi hapa kusini mwa London, na sote tuliokuwa chumbani tuliutambua, kwa kuwa ndio mlio uliomwamsha kwa miaka kumi na saba kila mara kisanduku kimoja cha waifai kilipozimika mahali fulani katika hospitali aliyoitunza, na kila mara aliamka, akavaa, akaenda, isipokuwa usiku huo, ambapo macho yake yalibaki yamefumba, na kabla hakujapambazuka alituaga.

Wachungaji wetu, wazee wetu, ndugu waombolezaji, mimi ni Dieumerci, mtoto wa dada yake Josée, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, lakini kabla sijaanza nina ombi moja ambalo si langu, ni la marehemu mwenyewe, aliloliacha kwa kinywa chake. Desturi yetu mnaijua, jina la mfiwa wa karibu likisomwa ukumbi husimama kumpa heshima, na leo tunaomba asisimame mtu yeyote, jina lolote litakalosomwa, kwa sababu kaka mkubwa wa marehemu yuko Uvira, anatufuata kupitia kompyuta hiyo mnayoiona hapa mbele, naye amengoja zaidi ya miaka minane kusikia jina lake likisomwa katika ukumbi huu. Jina hilo nitalisoma mahali pake, kwenye wafiwa, na kwa nini tukae badala ya kusimama, historia yenyewe itaeleza.

Pacifique Kashindi Bulakali alizaliwa tarehe 9 Mei 1976, mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, akiwa kitindamimba katika watoto watatu wa marehemu Baba Gédéon Bulakali, karani wa kiwanda cha sukari, na marehemu Mama Adolphine, mshona nguo, wa kwanza akiwa kaka yake huyo, wa pili akiwa mama yangu. Alianza shule ya msingi mwaka 1983, akamaliza mwaka 1989, na mwaka uliofuata baba yao alifariki, nyumba ikabaki na mshahara wa sindano peke yake, ndipo kaka yake, aliyekuwa na miaka kumi na saba na ndiye aliyekuwa akiongoza darasa lake, alipovua sare ya shule akampa mdogo wake, shati likamfika magotini, mama akalikunja akalishona, na kaka akaenda kubeba magunia bandarini Kalundu ili mtoto asome. Pacifique alisoma ufundi wa umeme, akapata diploma yake mwezi Juni 1996, na miezi minne baadaye vita vilifika mjini.

Familia yote ilivuka kwenda Tanzania, ikapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na huko ndiko alikojifunza kazi ya mawimbi, akitunza redio za mawasiliano za shirika moja la misaada, akipanda mlingoti kila mvua ikinyesha, huku kaka yake akiwa chini ameshika kamba na kumpigia kelele, "Shuka, wewe, mama hana mtoto mwingine wa kuchezea!" Mwaka 1999 kaka alirudi Uvira ili kiwanja cha baba kisipate mwenyewe mwingine, wakaagana barabarani, na baada ya hapo hawakuonana tena ana kwa ana.

Marehemu alifika London tarehe 18 Novemba 2003, akaomba hifadhi, akangoja, akapewa haki ya kuishi mwaka 2005, akawa akisafisha ofisi kule Wembley asubuhi na kusoma mitandao ya kompyuta jioni katika chuo kimoja cha Croydon, na tarehe 1 Septemba 2008 aliajiriwa katika kitengo cha mitandao cha hospitali moja ya kusini mwa jiji, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomkalisha. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana Vinod, mkazi wa Stanmore na mzaliwa wa Mwanza, aliye pamoja nasi leo, ambaye siku ile ya kwanza alimtazama kuanzia viatu hadi kola, akamwambia kwa Kiswahili, "Nyie Wakongo bwana, suti ya nini, unakwenda kuoa au kupanda dari?" na mjomba akamjibu, "Mzee, kote kuwili wanaangalia viatu," wakacheka, na tangu siku hiyo hawakuzungumza lugha nyingine walipokuwa wawili.

Ninyi mliomwona akipita na laptopu mkononi, macho juu darini, mlidhani anatafuta kitu kilichopotea, na kweli alikuwa akikitafuta. Kazi yake ilikuwa kujua, kabla muuguzi hajalalamika, ni kisanduku kipi cha waifai kimezidiwa na watu, kipi kinagombana na jirani yake kwa kutumia mawimbi yale yale, na ni kona ipi ya wodi ambayo simu ya daktari inaingia na kunyamaza, na mengi ya hayo aliyaona kwenye skrini yake, lakini Bwana Vinod alimfundisha kutoiamini skrini peke yake. Walikuwa na wodi moja ambayo mtandao wake ulikufa kila siku adhuhuri, wakabadilisha kisanduku, wakabadilisha waya, ukaendelea kufa, mpaka Bwana Vinod aliposema, "Usiulize mashine kwanza, uliza nani amehamisha kabati, kakae huko," naye akaenda akakaa kwenye kiti cha wageni tangu asubuhi, na ilipofika adhuhuri aliona magari ya chuma ya chakula cha wagonjwa yakipangwa kwenye korido, marefu kama ukuta, kati ya kisanduku na vitanda. Akawaomba wahudumu wayapange upande wa pili, wakamwambia, "Kumbe shida yako ni wali wetu," na tatizo likaisha.

Tarehe 8 Agosti 2009, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Myriam, waliyejuana naye katika kwaya ya kanisa letu la Thornton Heath, na kwa kuwa baba hakuwepo, kaka yake ndiye aliyesimama mahali pa baba, akazungumza na wazee wa upande wa mke kwa simu kutoka Uvira, mazungumzo marefu, betri ikamwishia, akaazima simu ya jirani, akaendelea palepale alipoishia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Keren, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2010, na Titus, aliyezaliwa tarehe 6 Machi 2013, watoto wa London, wanaoelewa kila neno ninalosoma sasa, ingawa baba yao alizoea kuuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza, na hakuacha kuuliza.

Mama Adolphine alikuja kuishi kwao mwaka 2012, na tarehe 3 Februari 2017 alifariki dunia. Kaka mkubwa, kule Uvira, aliomba mazishi yasubiri viza, yakasubiri, viza ikakataliwa, akaomba basi ibada irushwe moja kwa moja ili naye amzike mama yake kwa macho, na mjomba akamwambia, "Yaya, kaka yangu, hilo niachie mimi, ndiyo kazi yangu." Ijumaa jioni alikuja katika ukumbi huu huu, akafunga kisanduku cha waifai ukutani kule nyuma, akaweka kompyuta na kamera juu ya meza fupi hapa mbele, akatembea kila kona na mashine yake ya kupimia, viti vitupu mia tatu, mawimbi yakipita juu yake bila kizuizi, akaridhika, akaenda kulala.

Jumamosi tarehe 25 Februari ukumbi ulijaa, na kule Uvira kaka yake alikuwa amefunga shuka jeupe kwenye ukuta wa uwanja, ameazima projekta ya kanisa, ameita ndugu, majirani na wazee wa mtaa, na amekaa mbele yao wote kama inavyompasa mzaliwa wa kwanza. Ibada ilikwenda vizuri mpaka mchungaji alipofika kwenye watoto wa marehemu. Aliposema, "Mtoto wake wa kwanza," ukumbi mzima uliinuka, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesikia habari ya viza, na kila mtu alitaka kumpa yule asiyekuwepo heshima kubwa kuliko sisi tuliokuwepo, hata vikongwe walishikwa mikono wakasimama. Mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya waifai, watu wakiwa wamekaa mawimbi hupita juu ya vichwa vyao, wakisimama mia tatu pamoja huwa ukuta. Uvira picha iliganda, sauti ikakatika, na watu walipoketi na sauti kurudi, uwanja mzima ulimsikia mchungaji akisema, "na Josée, na Pacifique." Heshima yetu ndiyo iliyomfuta, na kwa kuwa ibada ilirekodiwa huko huko matangazo yalikopokewa, hata rekodi ilikuwa na pengo lile lile.

Wazee wa Mulongwe wakatazamana, wakamtazama yeye, yeye akakunja shuka.

Mjomba alimpigia simu jioni ile, akaeleza, akaeleza tena, akakiri mbele yetu sote kwamba kosa ni lake, amepima ukumbi mtupu kama fundi wa wiki ya kwanza, na jibu alilopewa tulilisikia wote sebuleni, "Usiniambie mambo ya mawimbi. Wewe unalinda hospitali nzima ya Londres isikatike usiku na mchana, halafu inakatika kwa jina yangu tu?" Ujuzi wake ndio uliomfanya asiaminike. Angekuwa dereva au mpishi, kaka yake angemsamehe kwa kutojua. Tangu siku hiyo kaka hakulitaja tena jina la mdogo wake, alizungumza na mama yangu kila Jumapili, akimuuliza, "Yule wa Londres anaendeleaje?" na mama akimwambia, "Ana jina," alisema, "Hata mimi nilikuwa nalo," kisha akageuza habari ikawa ya mvua na bei ya samaki.

Kitu ambacho marehemu angeweza kukifanya alikifanya. Tangu mwaka ule, kila msiba wa jamii yetu, iwe Wembley, Croydon au hapa, alikwenda kurusha ibada bila kuombwa mara mbili, na hakukubali tena kupima ukumbi mtupu, aliita kwaya mapema, akafungua matangazo mapema, akasimama hapa na kipaza sauti, "Kwaya, simameni, kwaya, kaeni, simameni tena," akiangalia mashine yake, akihamisha kisanduku, akikipandisha juu ya vichwa, mpaka watu walipoweza kusimama wote na picha isigande. Mama wa kwaya walimtania sana, "Fundi, leo tumekuja kuimba au kuzuia mawimbi?" naye aliwajibu, "Mama zangu, imbeni mkiwa wima, ninyi ndio maji yenyewe," na mmoja wao, aliyepo hapa, alimuuliza kama na marehemu aliyelala kwenye jeneza anapimwa, akaambiwa, "Huyo ndiye pekee asiyenisumbua."

Kila mara alituma anwani ya matangazo Uvira, kila mara hakujibiwa, lakini kazi yake ilikuwa kuangalia nani ameunganishwa na nani amekatika, na kwenye skrini, kati ya watazamaji wa Lubumbashi, Brussels na Nairobi, alimwona mtazamaji mmoja wa Uvira, anayeingia mapema wakati wa kupima na kuondoka mwishoni, hata kwa misiba ya watu ambao Uvira hakuna anayewajua. Alimwambia mama yangu, "Josée, kuna mtu mmoja kule," mama akamwambia, "Mpigie," akasema, "Nikimpigia ataacha kuangalia," na hivyo akaendelea kumhudumia mtazamaji huyo mmoja kama wodi nzima.

Ugonjwa wake ulianza kwa maumivu ya tumbo mwezi Januari mwaka huu, na tarehe 11 Machi madaktari walimwambia kwamba ni saratani ya kongosho, tena imesambaa. Aliendelea kwenda kazini hadi Juni, akipumzika kwenye ngazi kati ya ghorofa na ghorofa, kisha akawa anaangalia hospitali yake akiwa kitandani, akiwapigia vijana wa kitengo, "Ghorofa ya nne, upande wa mashariki, nendeni mkaone nani amehamisha kabati," nao hawakumwambia kwamba walikuwa wameshaliona. Tarehe 29 Septemba alihamishiwa mahali alipofia, hakukubali simu yake izimwe, na huko ndiko alikoniita mimi na mama yangu akatupa maagizo yake, azikwe hapa karibu na mama, ibada irushwe, na jina la kaka lisomwe watu wakiwa wamekaa, kwa maneno yake mwenyewe, "Hata mkipandisha kisanduku mpaka mbinguni, siku hiyo msisimame, sitaki kubahatisha." Mama yangu alimuuliza kama ana neno la kumwambia kaka. Akasema, "Asikie kwanza."

Marehemu ameacha mjane, Myriam, naomba tuendelee kukaa, ameacha watoto wawili, Keren na Titus, ameacha dada, Josée, na ameacha kaka, mzaliwa wa kwanza wa Gédéon na Adolphine, aliyevua sare yake ili mdogo wake asome, aliyeshika kamba chini ya mlingoti, aliyesimama mahali pa baba siku ya ndoa, kaeni, ndugu zangu, kaeni vivyo hivyo: Nathanaël Bulakali, wa Mulongwe, Uvira.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale wa usiku waliojifunza kumsalimia "habari" na kungoja jibu, inawashukuru majirani wa mtaa wetu walioleta chakula bila kuuliza tuko wangapi, inawashukuru wachungaji na kwaya, ambao leo wameimba wakiwa wamekaa na hawakupungukiwa na sauti, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kitengo cha mitandao, waliokuja tangu asubuhi na vifaa vyao, na Bwana Vinod, aliyestaafu, aliyevuka jiji zima kutoka Stanmore na kupanda ngazi mwenyewe kufunga kisanduku kile pale juu, akiwa amevaa suti.

Historia ya namna hii humalizika kwa neno la kumtakia marehemu pumziko, na neno hilo nilipangiwa niliseme mimi. Lakini leo asubuhi, kabla jeneza halijaingia, Bwana Vinod alitaka kupima, akaiita kwaya ikakaa kwenye viti, Uvira ikafunguliwa, akaniambia, "Soma mstari wowote, kijana," nami nikasoma ule wa wafiwa, hadi mwisho wake. Kule kulikuwa kimya, tukadhani imekatika, Bwana Vinod akaangalia mashine, akatikisa kichwa kwamba haijakatika. Kisha sauti ya mjomba Nathanaël ikasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikasoma mara ya tatu, na watu wa kwaya walikuwa wameshika mikono ya viti vyao ili wasiinuke.

Ndipo aliposema maneno ambayo alitaka yawe ya mwisho katika karatasi hii, na ninayasoma kama alivyoyasema. "Dieumerci, andika, mi sitaweza kuyasema mara mbili. Ile ibada ya Novemba mwaka juzi ndiyo ya kwanza niliingia mapema, nikaona kwaya wanasimama, picha inaganda, wanakaa, picha inarudi, wanasimama, inaganda. Yeye anahamisha ile kitu yake na jasho inamtoka. Nilielewa siku ile ile. Haya ilinishika, nikasema nitampigia kesho, na kesho. Leo nimesikia jina yangu, imefika yote. Umetembea sana na ile mashine, mdogo wangu, iweke chini. Msalimie mama. Pumzika, Pacifique."